Kisima Kinachoshika Jumapili

Inspekta Priscila Nshoma hakupenda kudanganywa, na kudanganywa na kisima ndiko kulikomuudhi zaidi. Alikuwa amesimama mbele ya tangi la maji la kambi ya Nyakariba, mwendo mfupi kutoka Rulenge, mikono kiunoni. Mbele yake mhandisi Happy alikuwa akichora kwa mkaa kwenye ukuta wa tangi. Agosti ilikuwa imeshakausha kila kitu, vumbi jekundu limekaa hadi kwenye kope za watu.

"Kule chini ni mwamba mtupu, afande," Happy alisema. Alikuwa binti wa Biharamulo, mwembamba, mwenye kusema upesi. "Tulichimba, hatukupata kitu cha maana. Tukaziba mdomo wa kisima, tukasukumia maji ndani kwa shinikizo kubwa mpaka mwamba ukapasuka nyufa. Ndipo maji yaliyofungwa humo yakapata njia."

"Yakatoka."

"Yakatoka kwa fujo! Lakini yale ya karibu huisha mapema, na yale ya mbali yanakuja kwa uvivu. Kwa hiyo kisima cha namna hii lazima kipungue. Kazi yangu mimi ni kukisia kitapungua kwa mwendo gani."

Alirudi nyuma hatua moja, akaonyesha mstari wake. Ulianzia juu, ukaporomoka, kisha ukaanza kujilaza, ukishuka polepole kuelekea kona ya ukuta.

"Na hivi vijialama?"

"Hicho ndicho kisima chenyewe, kila nilipopima hapa tangini. Ona, miezi yote kinaufuata mstari wangu. Tumefika Julai, pwa! Kimedondoka. Halafu kimetulia tena, kinashuka sambamba na mstari, ila chini yake."

Priscila aliinama akautazama ule ukuta kwa muda. Hesabu za shule zilimshinda zamani, lakini nyayo alizijua kuzisoma, na hizi zilikuwa nyayo.

"Kisima kikizeeka kinadondoka hivi?"

"Thubutu! Kisima kinazeeka kama mtu. Huwezi kulala na meno yako yote ukaamka kibogoyo."

"Na mtu akikitia mchanga?"

"Mchanga ungeendelea kujishindilia kwenye nyufa. Kingezidi kuporomoka kila wiki. Kisingetulia namna hii."

"Utayasema hayo mbele ya mkuu wa kituo?"

"Nilishayasema. Akaniambia natetea hesabu zangu zilizokosea." Happy alifuta mkaa kwenye sketi yake kwa hasira. "Na ningefungua kichwa cha kisima tupime palepale, tumalize ubishi. Lakini bomba limezikwa tangu kisimani hadi hapa tangini. Kulifukua ni kukata maji ya kambi nzima, na watoto wa kipindupindu tumetoka kuwazika juzijuzi. Shirika linaloendesha kambi limekataa katakata."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Na aliyekwama nayo alikuwa Nzeyimana, mkimbizi kutoka Burundi, mwendesha pampu, aliyekuwa mahabusu Rulenge. Frednand, msimamizi wa maji, alisema alimwona na mfuko wa mchanga kando ya kisima. Frednand ni mwenyeji, kiongozi wa kwaya parokiani, mtu ambaye hata akikusalimia unajiona umebarikiwa. Neno lake lilitosha. Mkuu wa kituo alikwisha kuamua kwamba Jumamosi Landrova itampeleka Nzeyimana mpakani Kabanga, avushwe, arudi kwao. Kwao huko waliochoma nyumba yake walikuwa bado wanamuulizia kwa jina. Hakuna kambini aliyehitaji kuelezwa maana ya kuvushwa.

"Mkewe yuko wapi?" Priscila aliuliza.

"Bombani. Wapi pengine?"

Ildefonsa alikuwa katikati ya foleni, ndoo mbili miguuni, mtoto mgongoni. Alipoona sare ya polisi alishusha macho.

"Shikamoo, mama afande."

"Marahaba. Mumeo alikuwa na mfuko wa mchanga. Wa nini?"

"Wa kwangu ule! Nilimtuma mimi. Pale kisimani walibakiza mchanga wa ujenzi, nikamwambia aniletee wa kusugulia sufuria." Akageuka, akaita wenzake. "Jamani, si mnaziona sufuria zangu?"

"Zinang'aa kuliko za masista!" mmoja alidakia, na foleni nzima ikacheka.

Priscila hakucheka. Alikuwa anatazama bomba. Maji yalitoka membamba, ndoo moja ilichukua karne kujaa.

"Siku zote ni hivi?"

"Ego, ndiyo, tangu kiangazi kishike. Isipokuwa Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

"Jumapili maji yana nguvu, mama. Yanaruka mpaka yanalowesha nguo. Foleni inakwisha jua halijawa kali. Sisi kina mama tunasema ni baraka ya misa."

Machale yalimcheza Priscila. Alimshika Happy mkono, akamvuta pembeni kama mtu anayetaka kumsema mtoto.

"Wewe, kwenye ukuta wako, Jumapili ziko wapi?"

"Hazipo."

"Hazipo kwa nini?"

Happy alipanua macho. "Afande, Jumapili sipimi. Jumapili niko kanisani."

"Na Frednand anayekusaidia kupima?"

"Yuko kanisani, anaimbisha kwaya."

"Lo! Tazama mambo haya. Wilaya nzima inapiga magoti, kisima kinapona, na hakuna wa kukiona isipokuwa wanawake wenye ndoo."

"Labda Jumapili kinapumzika," Happy alisema, akijaribu kujibishia mwenyewe. "Pampu ikiendeshwa kidogo, maji yanajirudishia."

"Hilo tutamuuliza mwenye pampu."

Nzeyimana aliletwa kutoka chumba cha mahabusu akiwa peku. Alikuwa mtu mrefu, na kule ndani dari ilikuwa fupi, kwa hiyo alitoka akiwa ameinama na akabaki ameinama.

"Jumapili pampu unaiendesha muda gani?" Priscila alimuuliza.

"Ule ule, afande. Kambi haifungi kunywa."

"Hujawahi kuizima mapema ukaenda misani?"

"Mimi nasali huku naisikiliza. Ikibadilisha sauti naijua." Akaongeza polepole, "Haijawahi kubadilisha sauti. Hata Julai. Nilimwambia bwana Frednand kwamba pampu inavuta kama zamani. Aliniambia masikio yangu ya Kirundi hayajui mashine za huku."

"Ulimwambia lini?"

"Kesho yake ndipo akanisingizia mchanga."

Priscila aliagiza apewe maji ya kunywa, akatoka. Nje alimwambia Happy jambo moja tu: "Kisima hakijapungua. Kuna mtu katikati ya njia anakinywa. Na mtu huyo anapumzika Jumapili."

Frednand mwenyewe alijitolea kuwatembeza kufuata njia ya bomba. Alikuja na shati jeupe na bonge la funguo kiunoni, akimuita Priscila "mama Inspekta" kila baada ya sentensi. Njia ilishuka kutoka kisimani, ikapita uwanda wa malisho, ikapita bonde la wafyatua matofali, ikaingia kwenye migomba ya watu, ndipo ikapanda kwenye tangi. Juu ya ardhi hapakuonekana chochote.

"Mimi ningekuwa wewe, mama Inspekta," alisema walipofika malishoni, "ningejiuliza ng'ombe wote hawa wanakunywa wapi kiangazi hiki."

Ng'ombe walikuwa wengi kweli, pembe ndefu, wamenawiri isivyo kawaida. Mwenyewe, mzee Alfonce wa Nyakahura, alikuwa amekaa juu ya jiwe na fimbo magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Rubisi ya ndizi ipo kidogo kwenye kibuyu."

"Nikitoka kazini, mzee. Ng'ombe wananyweshwa wapi?"

"Mtoni Ruvubu. Ni mbari sana, lakini tutafanyaje?"

"Hata Jumapili?"

Alfonce alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama jua hutoka Jumatatu. "Ng'ombe hajui Jumapiri, mama! Usipomnywesha Jumapiri, Jumatatu unamchuna ngozi."

Priscila alicheka, akamshukuru, akaendelea na safari. Frednand alikunja uso. "Umemwacha hivihivi?"

"Huyo nimemaliza naye," Priscila alisema. Mtu anayeiba maji kwa ajili ya ng'ombe angeyaiba kila siku. Hilo alilibakiza moyoni.

Bondeni walimkuta Wiston, mfyatua matofali, amelala chini ya kibanda chake cha nyasi. Kalibu zake za mbao zilikuwa zimepauka kwa jua, na tanuru lake lilikuwa na majani yaliyoota na kukauka hapohapo. Frednand aliitwa na watu wa kambini, akaaga, na Priscila hakusikitika.

"Biashara vipi?" alimuuliza Wiston.

"Biashara gani? Kijito kimekauka tangu Juni. Udongo bila maji utafyatua nini, vumbi?"

"Maji ya bomba yanapita hapo chini yako."

Wiston aliinuka akakaa. "Afande, mimi ni Msabato. Ningekuwa naiba hayo maji, Jumamosi ningeyaacha. Uliza wenye ndoo kama Jumamosi wanayapata."

Happy alitikisa kichwa. Jumamosi alikuwa anapima kila wiki, na vijialama vya Jumamosi vilikuwa chini kama vya siku nyingine.

"Lakini kuna jambo," Wiston aliendelea, sasa amechangamka kwa uchungu. "Maghala mapya ya shirika yanajengwa kwa matofali gani? Mimi nimesimama, wenzangu wote bondeni wamesimama. Lori linapita hapa limeshiba matofali mekundu, linatokea kule migombani. Nikiuliza ya nani, madereva wanajitia hamnazo. Nani amepata maji Agosti hii, jamani? Mungu gani amemshushia mvua peke yake?"

"Umemwambia nani haya?"

"Nilimwambia bwana Frednand. Akasema atafuatilia."

Priscila alitazama migomba iliyojipanga upande wa pili wa bonde. Angeweza kwenda pale pale. Lakini migombani kuna familia nyingi, kila mmoja na kipande chake, na mkuu wa kituo asingekubali matofali kama ushahidi kwamba kisima ni kizima. Akienda sasa, mwizi ataziba tundu lake, maji yatarudi, na Frednand atasema kisima kimejisafisha chenyewe. Nzeyimana angevushwa vilevile. Alihitaji kisima kitoe ushahidi chenyewe, kwa siku aliyoitaja yeye, kabla haijafika.

"Happy, Ijumaa hii ni siku gani?"

"Tarehe kumi na tano." Happy alisita, kisha akaanza kutabasamu taratibu. "Kupalizwa mbinguni Bikira Maria. Watu wote wako misani."

"Wakatoliki wako misani. Wasabato wako kazini. Ng'ombe wako mtoni."

Mkuu wa kituo alimsikiliza huku akichokonoa meno kwa njiti.

"Yaani sasa umekuwa mtabiri, Priscila?"

"Mkuu, kwa mstari wa huyu binti, kisima kizima kingejaza pipa kwa dakika nne. Leo kinachukua saba. Mimi nasema Ijumaa asubuhi, kengele ya misa ikishalia, kitachukua nne. Na Jumamosi kitarudi saba."

"Kwa sababu Bikira Maria ataingia kwenye bomba?"

"Kwa sababu mwizi wako anamheshimu."

Mkuu aliacha kuchokonoa meno. "Na ukikosea?"

"Nikikosea, Landrova iondoke."

"Ukikosea, utamsindikiza wewe mwenyewe hadi mpakani. Utamvusha kwa mkono wako." Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka na kambi, na mambo ya kambi alitaka yaishe. "Na Frednand asijue?"

"Asijue mtu yeyote aliye na rozari."

"Mimi ninayo."

"Basi ikae mfukoni, mkuu."

Ijumaa kengele za Rulenge zilianza kulia vilima vikiwa bado na ukungu. Barabara zilijaa watu waliovaa nguo za kupiga pasi, kina mama kwa vitenge vyao vipya, wakitembea makundi makundi kuelekea misheni. Pale tangini walikuwa watatu tu: mkuu wa kituo, Happy mwenye saa, na Priscila aliyeviringisha pipa la bati mpaka chini ya mdomo wa bomba linaloingiza maji.

Hakuwa amekula. Kwa siku mbili alikuwa amejiambia hana wasiwasi. Alimfikiria Nzeyimana akiinama kuingia kwenye Landrova, akaogopa, akaogopa kweli.

Kengele ya mwisho ikanyamaza.

"Fungua," alisema.

Happy alizungusha koki. Maji yalikohoa, yakatema hewa, kisha yakaja. Yalikuja manene, yakapiga kitako cha pipa kwa kishindo, yakarukia viatu vya mkuu wa kituo, naye akaruka nyuma akisema neno lisilosemwa sikukuu. Maji yalipanda, yakavuka mkunjo wa kwanza wa pipa, wa pili, yakafika ukingoni, yakamwagika pande zote.

"Dakika ngapi?" Priscila aliuliza, macho amefumba.

"Nne!" Happy alipiga kelele. "Nne na ushee! Mstari wangu! Afande, mstari wangu umekaa palepale!" Akamrukia Inspekta shingoni bila kujali cheo wala sare.

Mkuu wa kituo alichota maji kwa kiganja, akanawa uso. "Basi mchanga haukuwepo," alisema.

"Haukuwepo. Na sasa twende migombani, wenyewe wangali wanasali."

Waliingia migombani kufuata njia ya lori. Nyuma ya migomba mikubwa palikuwa na uwanja mpana, na uwanja wote ulikuwa umejaa matofali yaliyoanikwa safu kwa safu. Mtu angeweza kuzisoma safu zile kwa rangi. Za mbali zilikuwa zimekauka na kupauka, za karibu zilikuwa nyeusi kwa unyevu wa jana jioni. Baada ya hizo hapakuwa na kitu. Kalibu zilikuwa zimeoshwa na kupangwa vizuri, majembe yameegemezwa, na juu ya bwawa dogo la udongo ulining'inia mpira mweusi wa maji, ncha yake bado inadondosha tone moja moja.

Priscila aliufuata mpira ule kwa mguu, akifagia majani makavu ya migomba. Uliingia chini ya rundo la majani. Alilisukuma rundo. Hapo palikuwa na kisanduku cha saruji, na ndani yake koki kubwa ya chuma, yenye kichwa cha pembe tatu.

"Hii haifunguki kwa mkono," Happy alisema. "Inataka ufunguo wake maalumu. Upo mmoja tu kambi nzima."

Wote watatu walikuwa wameliona bonge lile la funguo kiunoni mwa mtu.

Misa ilikuwa inatoka walipofika. Frednand alikuwa mlangoni mwa kanisa na joho lake la kwaya, akipokea pongezi kwa nyimbo, jasho linamtiririka kwa furaha. Alimwona Priscila akaachia tabasamu.

"Mama Inspekta! Umekosa misa nzuri."

"Nilikuwa nashika zamu. Kisima kimepona leo, umesikia?"

Tabasamu halikuondoka, ila lilikaza. "Ah. Sikukuu watu hawachoti. Kinapumzika kidogo."

"Pampu imeendeshwa na kijana wa zamu kama kawaida. Watu wamechota kama kawaida. Kilichopumzika ni koki iliyo nyuma ya migomba, na uwanja wako wa matofali."

"Uwanja gani? Migomba ile ni ya ukoo mzima."

"Nipe funguo zako."

Watu walianza kusogea. Frednand alitazama kulia na kushoto, akimtafuta atakayemtetea, na mkuu wa kituo akajitokeza mbele na viatu vilivyolowa. Funguo zilitolewa. Katikati yake ulikuwepo mmoja mfupi, mnene, wenye tundu la pembe tatu, na udongo wa migombani ulikuwa bado umeganda humo.

"Uliifunga jana jioni," Priscila alisema. "Kama unavyoifunga kila Jumamosi jioni. Ungeiacha wazi, nisingekupata hata mwaka ujao."

Yakamtoka Frednand, kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Vijana wangu wangefyatua matofali siku ya Mama Maria? Mimi? Na maji yakiachwa bila mtu yangelowesha kazi yote! Siwezi kumkosea Mungu hivyo!"

"Kumvusha mtu asiye na hatia akauawe, hilo uliliweza."

Kanisa zima lilisikia. Wiston Msabato, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwa pale isipokuwa umbea, alipiga makofi. Mmoja wa waimbaji alilivua joho la Frednand polepole, kwa heshima, akalikunja, maana joho lilikuwa mali ya kwaya.

Jumamosi asubuhi Landrova iliondoka kama ilivyopangwa, ila ilielekea Ngara, kusubiri mahakama, na aliyeinama kuingia alikuwa mwenye shati jeupe. Nzeyimana alisimama kando ya barabara mpaka vumbi likatulia, kisha akaenda kuwasha pampu yake. Aliweka sikio, akaisikiliza, akatingisha kichwa kuridhika.

Happy alikuwa tangini na mkaa, anaweka kialama kipya. Kiliketi juu ya mstari barabara. "Kitaendelea kupungua, afande," alisema. "Mwaka ujao kidogo, mwaka wa baadaye kidogo zaidi. Lakini kwa haki yake."

Priscila alikuwa anatazama chini kwenye foleni. Maji yalikuwa yanaruka kutoka bombani, yamewalowesha watoto, wanawake wanapiga vigelegele na kusukumana. Ildefonsa aliweka ndoo yake, ikajaa kabla hajaondoa mkono, akabaki ameduwaa. Akageuka, akainua uso kuelekea tangini, akapaza sauti:

"Mama afande! Mbona leo ni Jumamosi?"